Makoti Mlangoni kwa Maman Kahambu

Kwa Maman Kahambu hakuna mtu aliyewahi kuketi na koti mwilini. Ungefika mwezi wa Januari, theluji begani, pua imekufa ganzi, naye angekusimamisha kwenye ushoroba wa nyumba yake, ghorofa ya tatu pale Evere, mtaa wa Brussels, na kabla hujamaliza salamu angekuwa ameshika ukosi wako. "Tosha koti, papa. Tosha, ndani kuko moto." Ukishavua, hakukuachia ulitundike mwenyewe. Alilipokea kwa mikono miwili, akalipapasa toka mabegani hadi kwenye pindo kama anayepangusa vumbi, ndipo akalitundika. Sisi wa kikundi cha sala tulikuwa tukimtania. Tulisema kwa Maman Kahambu hata askofu angevuliwa joho. Yeye alicheka pamoja nasi, na makoti yakaendelea kuvuliwa.

Mimi naitwa Donat. Nimezaliwa Bukavu, Kongo, nimezeekea Brussels, na kwa miaka ishirini na miwili nimesafisha mabehewa ya treni pale stesheni ya Gare du Nord, mpaka magoti yalipokataa. Katika kikundi chetu mimi ndiye mzee, maana yake mimi ndiye ninayeamua nani aombe, nani aanzishe wimbo, na nani amefika mwisho wa ushuhuda wake hata kama yeye mwenyewe hajui. Kazi hiyo naipenda kupita kiasi. Mke wangu Lucienne huniambia hivyo, na hakosei. Nayaeleza haya mapema ili mjue ni nani anayesimulia. Habari hii ni ya Maman Kahambu, lakini kosa lililomo ni langu.

Kahambu ni Mnande wa Butembo, Kongo hiyohiyo, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba vitu tangu utoto. Alifika mji huu kwa kupitia Kampala, akiwa amemshika mkono mtoto wake mmoja, Cédric, aliyekuwa na miaka sita. Kifaransa alichokuja nacho kilikuwa cha kanisani, hakikumtosha hata kununua dawa ya kikohozi. Leo anafanya kazi katika nyumba ya wazee kule Ganshoren. Kila asubuhi anaukata mji kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa tramu na basi, ili akawaogeshe wazazi wa watu wengine, awavalishe, awalishe supu. Nao wanamgombania. Mwaka mmoja alipokwenda likizo siku kumi, kuna bibi alifunga mdomo siku hizo kumi, na wauguzi wakahangaika naye na vijiko vyao. Kuna pia babu wa miaka tisini na tatu ambaye humwambia kila mtu "asante sana", hata daktari, bila kujua ni lugha gani. Kahambu anawapenda wote. Hunung'unikia mgongo wake, lakini sijamsikia hata siku moja akiwanung'unikia wao.

Mumewe, Anaclet, aliuawa Butembo. Hilo tulilijua sote. Katika kikundi chetu hakuna asiye na kaburi kule nyumbani, na hatuulizani ilikuwaje. Ni adabu yetu, na siku hizi naiona kuwa adabu mbovu. Lakini mara moja Kahambu alimsimulia Lucienne, wakiwa wawili tu jikoni wanapika sombe, majani ya muhogo, na Lucienne alipofika nyumbani akanisimulia mimi. Nilikuwa natazama mpira. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Hata hivyo nilisikia, siwezi kusema sikusikia.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Butembo iko juu milimani, kuna baridi, na mtu kuvaa koti refu si ajabu. Wanaume watatu walipiga hodi na makoti yao, wakasalimu vizuri, wakauliza kama Papa Anaclet yupo. Walisema wametumwa na ushirika wa kahawa, wana neno kuhusu lori. Anaclet alikuwa anaoga. Kahambu akawakaribisha, maana mgeni ni mgeni. Akawapikia chai ya tangawizi, akawapa kila mmoja kikombe kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo, kama mama yake alivyomlea. Mmoja aliisifu ile chai. Mwingine aliomba aongezewe sukari. Hakuna aliyevua koti, na Kahambu hakuwaambia wavue. Anaclet alipotokea, taulo bado liko begani, waliviweka vikombe chini, wakafungua makoti. Cédric, miaka minne wakati huo, alikuwa amelala chumba cha nyuma.

Kisha Kahambu alimwambia Lucienne neno ambalo hata lile sikio langu moja lililishika. Alisema, akiwataja wanajeshi: "Basoda balikuwa banapita kila siku na bunduki ku mabega. Bale tulikuwa tunabaona mbali, tunafunga mulango, tunakimbia. Ile bunduki inaonekana inakupatia hata dakika moja ya kukimbia. Ile inafichwa inakunywa chai yako kwanza."

Hiyo ndiyo sababu ya makoti mlangoni. Wenzangu waliotania hawakujua. Mimi nilijua, na nikaendelea kutania.

Cédric naye hakuwahi kuelezwa. Aliambiwa baba yake aliuawa na watu wa bunduki, na maneno yakaishia hapo. Alikua mtoto mtulivu, wa kusema "ndiyo tonton", yaani mjomba, kwa kila mwenye mvi. Alipofikisha miaka ishirini na miwili alimwambia mama yake kwamba amekubaliwa katika shule ya polisi. Kahambu hakuzungumza naye siku mbili. Siku ya tatu, akimpakulia chakula, akamwuliza, "Utaibeba wapi?"

Cédric akajigusa nyonga. "Hapa, maman. Juu ya nguo. Batu bote banaona."

"Bote?"

"Bote."

"Bon," akasema Kahambu. "Baione. Kula."

Basi ikawa hivyo. Cédric alipangiwa mitaa ya karibu na Gare du Nord, na saa ya mapumziko, akipata nafasi, alipanda kwenda kwa mama yake kula. Alikuja na sare. Koti lilivuliwa mlangoni kama la mtu mwingine yeyote, na bastola ikabaki nyongani, katika mfuko wake mweusi, mahali pa wazi. Kahambu aliizoea. Aliiangalia kama mtu anavyomwangalia mbwa wa jirani: hampendi, lakini anajua amefungwa wapi. Nilimkuta mara nyingine akimwongezea mwanawe maharage huku akimwambia asogeze kile kitu, kinakwaruza kiti.

Mashaka yalianzia kwetu sisi, watu wa sala. Jumapili mbili kila mwezi tunakutana kwa Kahambu saa tisa mchana. Cédric akiwa zamu, alipita kusalimu. Alisimama mlangoni mwa sebule na sare yake, akapeana mikono na wazee, akaondoka. Siku moja alipotoka, Maman Sephora, ambaye ni mama wa sauti ya kwanza katika nyimbo na katika malalamiko, alinivuta pembeni.

"Papa Donat, tuko tunaomba Mungu, na bunduki iko inatuangalia. Tulikimbia nini kule kwetu?"

Wengine wakamuunga mkono. Mmoja alikumbusha kwamba kuna dada mgeni, aliyetoka karibuni kambi ya wakimbizi, ambaye aliiona ile bastola akatoka na hakurudi tena. Maneno yao yalikuwa na maana, sitawalaumu. Ila hakuna aliyesema tumwulize mwenye nyumba. Hata mimi sikusema. Nilisema niachieni mimi, maana mzee ni nani kama si mtu wa kuachiwa mambo. Na kuna jingine ambalo ni afadhali nilitoe sasa. Cédric alipoingia na sare yake, vichwa vyote viligeuka kumtazama yeye, na mara mbili alinikatiza nikiwa katikati ya mahubiri. Hilo lilinikera.

Nilimwita tuonane katika mkahawa mmoja mbele ya stesheni, mwanzoni mwa Septemba. Alikuja na suruali ya jinzi na koti la kijivu, nikashangaa. Akaniambia kwa furaha kwamba amehamishiwa kikosi cha nguo za kiraia, wale wanaochanganyika na abiria ili wawakamate wezi wa mikoba. Aliingoja nafasi hiyo miaka mitatu. Nikamweleza habari ya kikundi, kwa upole, kwa mifano ya Biblia miwili. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Alors, tonton, hiyo imekwisha yenyewe," akasema. "Sheria yetu iko hivi: ukivaa uniforme, inakuwa inje. Ukivaa civil, haifai ionekane hata kidogo." Akainua kidogo upande wa koti, akaushusha. Ilikuwepo. Nilikuwa nimekaa naye dakika ishirini bila kujua.

Nikamwuliza kama hawezi kuiacha kituoni anapokwenda kwa mama yake. Akasema siku ya mapumziko anaiacha kwenye kabati lake huko na kulifunga, lakini akipita katikati ya zamu hana ruhusa ya kuiacha, lazima iwe mwilini. Nikasema basi, Mungu amekwisha tupangia. Nilikuwa naona jinsi Sephora atakavyoridhika.

Lakini Cédric alikuwa bado anakizungusha kijiko ndani ya kikombe kitupu. "Tonton, nilikuwa nataka kukuuliza. Maman, nitamuambia namna gani? Amezoea kuiona."

"Usimuambie."

"Hapana?"

"Utamusumbua bure. Vaa koti yako, ingia, salimia, kula, toka. Kitu hajaona, itamuuma na nini?"

"Lakini pale ku mulango, tonton. Anatosha kila mutu koti."

"Sema uko na baridi."

Mtoto alikuwa ameuliza swali la kweli, na alimwuliza mtu pekee, ukimtoa Lucienne, aliyekuwa na jibu. Jibu lilikuwa kichwani mwangu tangu ile siku ya mpira. Chai, makoti matatu, ile dakika moja ya kukimbia: yote yalikuwemo, na sikuyatafuta. Nilikuwa na haraka ya kumaliza neno nikiwa mshindi.

"Ndiyo, tonton," akasema.

Kila Oktoba Kahambu hufanya sala ya kumkumbuka Anaclet. Picha yake huwekwa kwenye meza ndogo karibu na televisheni, na kitambaa cheupe chini yake. Mwaka huo sala iliangukia Jumapili, na Cédric alikuwa zamu, lakini mkuu wake alimpa saa moja. Mimi na Lucienne tulifika mlangoni wakati uleule naye. Alitutangulia kwa ngazi, na kwa hiyo niliyaona yote kutoka hatua mbili nyuma yake, koti langu tayari liko mkononi.

Kahambu alifungua akiwa amevaa kitenge kipya, uso wake unang'aa kwa mvuke wa masufuria. "Tosha koti, mon fils."

"Niko na baridi, maman."

Kahambu akacheka. Nyumba ilikuwa imejaa watu, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka Cédric shingoni. "Baridi gani? Tosha." Akaushika ukosi. Cédric akarudi nyuma hatua moja, akalibana koti kifuani kwa mkono wake. Tangu azaliwe sijui kama aliwahi kuuzuia mkono wa mama yake. Niliona uso wa Kahambu unabadilika. Alimvuta amsalimu tunavyosalimiana, upande wa uso kwa upande wa uso, mara tatu. Mkono wake ukapita chini ya koti kumshika kiunoni, kama mkono wa mama yeyote, na ukasimama pale.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

Aliuondoa mkono taratibu, akageuka, akaingia jikoni. Cédric alikwenda kuketi karibu na picha ya baba yake, koti limefungwa vifungo vyote, macho sakafuni. Sebuleni wimbo uliendelea. Hakuna aliyeona kitu. Nikaketi na mimi. Nikajiambia imepita, mama ameelewa, watazungumza baadaye. Chai huchukua dakika chache tu kuchemka, na dakika hizo nilizitumia kuchagua zaburi.

Kahambu akatoka na sinia. Lilikuwa na kikombe kimoja cha chai ya tangawizi na bakuli la sukari. Akapita katikati ya watu mpaka mbele ya mwanawe, akapiga goti kidogo, akampa kikombe kwa mikono miwili.

"Kunyweni, ba papa," akasema. "Anaclet iko anaoga. Anakuya sasa hivi."

Wimbo ulikatika sauti moja moja, mpaka akabaki Sephora peke yake, naye akanyamaza. Lucienne alielewa kabla ya mtu mwingine. Cédric hakuelewa lolote. Alikipokea kile kikombe kwa kuwa amelelewa kupokea anachopewa na mama yake, akakishika hewani.

"Maman, ni mimi."

"Najua ni wewe," Kahambu akasema. "Kama ni mwingine, haingeniuma hivi."

Akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akamsimulia. Ilikuwa mara ya kwanza Cédric kuisikia habari ya kifo cha baba yake, na aliisikia mbele ya watu kumi na wanne, kwa sauti ileile ambayo mama yake hutumia kueleza siku ilivyopita kazini. Makoti matatu. Aliyeisifu chai. Aliyeomba sukari. Kahambu hakulia. Tuliolia ni sisi, na machozi yangu mimi siyaheshimu, kwa sababu hata wakati yanatoka nilikuwa naomba jina langu lisitajwe.

"Bon," akasema alipomaliza. "Nani alikufundisha kuingia kwangu na kitu imefichwa? Hii haitoke mu kichwa yako. Miye ninakujua."

Cédric aliinua macho, akanitazama. Alinitazama muda wa kumtosha mtu mzima kufungua mdomo. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha mzee, kile chenye mikono, Biblia juu ya magoti. Heshima si utumwa, tunawafundisha watoto wetu, nao wanaamini na kutulinda hata tusipostahili.

"Hakuna mutu, maman," akasema. "Ni miye mwenyewe."

"Kunywa chai yako, basi, urudi ku kazi."

Aliinywa yote ikiwa bado ya moto, akaweka kikombe mezani, akatoka. Mlango ulifungwa polepole. Kisha wote wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye mzee, nikafungua zaburi niliyokuwa nimeichagua nikaisoma.

Kwenye tramu ya kurudi, Lucienne aliangalia nje ya dirisha vituo vinne. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, "Ni wewe?" Nikamwambia tutaongea nyumbani. Tulipofika nyumbani niliwasha televisheni.

Nilipanga kumwambia Kahambu juma lililofuata. Kisha nikasema baada ya Noeli, moyo ukishatulia. Kisha yeye akaumwa mgongo, na nani anamwongezea mgonjwa maneno. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja nyuma. Wangu alikuja nyuma, akahamia kabisa, ana ufunguo.

Cédric naye hakuwa mtu wa kukimbia. Baada ya majuma matatu alirudi kwa mama yake siku ya mapumziko, bastola ameiacha kituoni, akamwambia ataomba kurudishwa kwenye sare, aiachie ile nafasi aliyoingoja miaka mitatu. Lucienne alikuwepo, ndiye aliyenieleza, na safari hii nilizima mpira. Kahambu alimsikiliza, kisha akasema, "Uniforme itanisaidia nini? Mbele ya ile siku, sikujua kama unaweza kunificha kitu. Sasa najua unaweza."

Tangu siku hiyo Cédric huja bila kitu, siku zake za mapumziko tu, na mlangoni huwa na namna yake. Kabla hajaambiwa hulifungua koti pande zote mbili, halafu hulivua, halafu huinua mikono. Mama yake humpapasa makwapani, kiunoni, mgongoni, anainama kwa shida mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ndiyo mikono ileile inayoogesha wazee kule Ganshoren, na inafanya kazi yake polepole, haipiti mahali mara mbili. Cédric ndiye apekuaye watu pale stesheni, kwa hiyo anajua namna ya kusimama. Mara ya kwanza alijaribu mzaha. "Maman, unafanya muzuri kuliko ba collègues." Kahambu hakucheka, na yeye hakurudia. Akimaliza humwambia, "Ingia," na humpakulia chakula kingi kama zamani. Hukaa naye mezani. Huuliza kazi inaendeleaje. Lakini hajampikia tena chai.

Kikundi chetu kiliendelea. Sephora alinishukuru kwamba siku hizi hakuna bunduki kwenye sala. Yule dada mgeni hakurudi.

Jumapili iliyopita nilikwenda na maneno tayari. Niliyapanga tangu nyumbani, nikayarudia kwenye tramu mpaka bwana aliyekaa mbele yangu akahama kiti. Yalikuwa machache: Maman Kahambu, ni mimi niliyemwambia mtoto aifiche, na nilikuwa najua habari ya makoti. Lucienne alikuwa ameyasikia yote, akaniambia yanatosha, nisiongeze Biblia. Yeye alibaki nyumbani makusudi.

Nilimkuta Cédric mlangoni, mikono juu. Nilisimama nyuma yake nikangoja zamu yangu kama mtu aliye kwenye foleni ya kituo cha polisi. Nilimwona Kahambu akishuka mpaka kwenye vifundo, nikamwona akijishikilia ukutani ili ainuke. Cédric alitaka kumsaidia, lakini bado hajaambiwa ashushe mikono, kwa hiyo hakuishusha. Ana miaka ishirini na minane.

"Ingia," akaambiwa.

Nikasogea. Nilivua koti langu, nikampa. Kisha sijui ni nini kilinishika, nikainua mikono yote miwili, nikafungua mdomo kulianza lile neno la kwanza.

Kahambu akacheka. Ulikuwa mwaka mzima sijakisikia kile kicheko. Akanishika mkono mmoja, akaushusha, akanishusha na wa pili, akanipigapiga kifuani kama anavyowafanyia wazee wake.

"Weye Papa Donat, teremusha mikono," akasema. "Weye nikupapase ya nini? Mu nyumba hii, weye ni mutu moja tu haufichi kitu."

Cédric alikuwa bado yuko ushorobani, nyuma yake. Alinitazama, na hakukuwa na hasira usoni mwake, afadhali ingekuwepo. Akalipokea koti langu kutoka mikononi mwa mama yake, akalitundika msumarini, akalinyoosha mabega.

"Ingia, tonton," akasema. "Maman amekupikia chai."

Nikaingia, nikainywa.